Ukilazwa Kesho, Nani Anafungua Ghala?

Hotuba kwa makatibu, makarani na wajumbe wa bodi wa vyama vya msingi vya ushirika, Masasi, wiki chache kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa hapa mbele, shikamooni.

Kabla sijasema lolote, naomba mwenye ufunguo wa ghala la chama mfukoni mwake sasa hivi anyooshe mkono. Naona mikono mingi. Mama wa kule nyuma uliyepakata mtoto, na wewe pia. Asanteni, shusheni. Nitarudi kwenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kiongozi na ustahimilivu wa timu yake. Neno hili ustahimilivu tumelisikia sana miaka hii, kwenye semina za mabadiliko ya tabianchi, za mikopo, za kila kitu. Linapotamkwa, naona watu wengi wanatikisa kichwa wakidhani wameambiwa habari ya uvumilivu. Ndipo ninapotaka kuanzia, maana maneno haya mawili yanafanana sura kama ndugu, lakini kazi zao mbalimbali.

Uvumilivu sisi watu wa kusini tunaufahamu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika ikishika, safari ya Dar es Salaam ilikuwa unajua siku ya kuondoka tu. Mama zetu wa uwanda wa Makonde wameamka usiku miaka mingi kuteremka mabondeni kufuata maji, wakapanda nayo kichwani. Tulivumilia, na tukasifiwa. Nimekaa kwenye mikutano mingi ambamo mgeni rasmi anasimama na kusema watu wa kusini ni wavumilivu, na sisi tunapiga makofi. Mimi siku hizi sipigi. Anayevumilia amebeba mzigo uleule, mgongo uleule, anasubiri mzigo uondoke. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mgongo, ambao umechoka zaidi.

Timu stahimilivu naijua kwa maswali mengine kabisa. Nani anajua kazi ya mwenzake? Habari mbaya ikitokea saa tatu asubuhi, kiongozi anaipata saa ngapi? Mmoja asipokuwepo, nini kinasimama? Kuna akiba gani, ya pesa, ya watu, ya nguvu? Majibu ya maswali hayo hutengenezwa kabla ya shida. Kiongozi anayewaambia watu wake kila wakati "vumilieni, vumilieni" anakula akiba ambayo hakuiweka yeye.

Nimejifunza hili kwa kukosea, na kosa lenyewe ni langu, kwa hiyo nitalieleza lote.

Nilikuwa katibu wa chama cha msingi kwa misimu kumi na mmoja. Sitataja chama. Katika misimu ya mwanzo kila kitu kilikuwa kwangu. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwangu. Daftari la mapokezi nililala nalo nyumbani. Namba za madereva wa malori, za msimamizi wa ghala kuu, za watu wa benki, zote zilikuwa kwenye simu yangu. Niliona huo ndio uaminifu. Na sababu nilikuwa nayo: korosho ni pesa, gunia moja likipotea ni ugomvi wa ukoo mzima, na sote tumesikia vyama ambavyo magunia yalipungua na hakuna aliyejibu. Nilijiambia kwamba ufunguo ukiwa mmoja, lawama ni moja, na mimi niko tayari kuibeba.

Mwezi wa Novemba, mzigo ukiwa umepamba moto, tumbo lilinikata usiku. Asubuhi nilifikishwa hospitali, nikaambiwa ni kidole tumbo, nikapasuliwa siku hiyohiyo. Nililala siku tatu. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwenye mfuko wa suruali niliyovuliwa, suruali imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko uko chini ya kitanda changu.

Huku nyuma wakulima walikuwa wanaleta mzigo. Mwenyekiti alikuwa Mtwara mjini kwa kikao. Karani alikuwepo, mizani ilikuwepo, wakulima walikuwepo, na mlango umefungwa. Viroba vikapangwa nje, barazani na chini ya miembe. Usiku wa pili ikashuka mvua ya kwanza ya mwaka ule. Mnajua korosho ikilowa inavyokuwa. Mzigo ambao ungepita daraja la kwanza ukashuka la pili, na mwingine ukaoza kabisa. Wazee wawili watatu waliokuwa na shida ya haraka ya pesa wakauza kwa kangomba, wale walanguzi wanaonunua nje ya chama, usiku uleule, kwa bei ambayo sitaki kuitaja mbele ya wajukuu zao.

Niliporudi niliuliza kwa hasira kwa nini hakuna aliyepanda pikipiki kuja kuchukua ufunguo hospitali. Karani wangu, kijana mdogo, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mzee, tuliogopa kuonekana tunautaka ufunguo."

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo mpaka leo. Nilikuwa nimejenga chama ambacho kuuliza ufunguo uko wapi kunafanana na kutaka kuiba. Watu wangu hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wameelewa vizuri sana kile nilichowafundisha kila siku kwa vitendo vyangu.

Tulichofanya baadaye ni kitu kidogo, na naomba mkinukuu kwa sababu kinaweza kufanyika wiki hii. Tulinunua kufuli mbili. Kila kufuli ina funguo mbili. Funguo za kufuli ya kwanza zikawa kwa katibu na karani. Za kufuli ya pili zikawa kwa mwenyekiti na kwa mjumbe mmoja wa bodi, mama anayekaa jirani na ghala. Kwa hiyo ghala halifunguki bila watu wawili, mmoja wa ofisi na mmoja wa bodi, na wizi tumeuwekea ukuta. Lakini hakuna hata mtu mmoja ambaye akiugua, akisafiri au akifiwa, ghala linabaki limefungwa. Gharama yake ilikuwa kufuli mbili tu.

Kitu cha pili kilikuwa kigumu zaidi kwangu. Kila Jumatano nilibaki nyumbani hadi saa sita mchana, na simu nikaizima. Karani akapokea mzigo, mwenzake akapima, mjumbe akasaini. Jumatano ya kwanza walisahau kutoa uzito wa gunia kwenye hesabu ya mkulima mmoja. Tuliligundua jioni tulipolinganisha daftari na mzigo uliolala, tukamwita, tukarekebisha, basi. Kosa lile lilitokea mwanzoni mwa msimu, mzigo ukiwa mdogo, nikiwa umbali wa dakika kumi. Lingeweza kutokea mara ya kwanza siku ya malori manne mlangoni na mimi nimelala chini ya drip.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Tarehe 5 Agosti 1949, huko Montana, Marekani, kikosi cha wazima moto wa msituni kilirushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege kwenda kuzima moto katika bonde linaloitwa Mann Gulch. Ardhini akaungana nao mtu mmoja aliyekuwa akiupiga moto ule peke yake, wakawa 16. Msimamizi wao aliitwa Wagner Dodge. Waliuona moto ule kama wa kawaida. Walikuwa wanateremka kuelekea mtoni, ndipo Dodge akaona moto umevuka na uko mbele yao, kwenye majani makavu, unapanda mlima kuwafuata. Akawageuza wapande. Akawaambia watupe zana. Moto ukawakaribia mno.

Hapo Dodge akafanya jambo ambalo mkulima yeyote wa hapa atalielewa papo hapo. Akawasha kiberiti, akachoma majani yaliyokuwa mbele yake, akaingia kwenye majivu, akalala kifudifudi, na akawaita wenzake waingie naye. Sisi kila mwaka tunasafisha chini ya mikorosho na kuweka kinga moto, kwa sababu palipokwisha kuungua hapaungui tena. Wale vijana hawakuwahi kuonyeshwa jambo hilo. Walichokiona ni msimamizi wao, moto uko nyuma yao, anawasha mwingine mbele. Wakampita wakikimbia. Wawili walipata mwanya kwenye miamba wakapona. Dodge alipona ndani ya majivu. Watu 13 walikufa. Moto uliwafikia kabla hazijapita saa mbili tangu watue ardhini.

Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Karl Weick, alilichambua tukio lile katika makala ya mwaka 1993, na wanaosomea uongozi wanaisoma mpaka leo. Mimi nalichukua jambo moja tu. Amri ya Dodge ilikuwa sahihi. Jibu alikuwa nalo. Lakini hawakuwa kikosi kilichozoea kufanya kazi naye, hakuna aliyewahi kusikia akifikiri kwa sauti, na dakika ile hapakuwa na nafasi ya kueleza. Akili ya kiongozi, hata ikiwa kubwa kiasi gani, haiwasaidii watu ambao hawajawahi kuingizwa ndani yake.

Ndiyo maana nawasihi makatibu: mnapoamua jambo, semeni na sababu. Hata dogo. "Leo tunaanza kupima mzigo wa mbali kwanza kwa sababu wale wana safari ya kurudi." Inachukua sekunde tano. Karani akiisikia sababu mara arobaini, siku ya arobaini na moja haupo na ataamua kama wewe, au vizuri zaidi yako. Wapo viongozi wanaoona kutoa sababu ni kujishusha. Nimewahi kuwa mmoja wao.

Nije kwenye habari mbaya, maana hapa ndipo vyama vingi vinapofia.

Miaka ya 1990, mama mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye sasa ni profesa Harvard na wakati ule alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, alichunguza wodi za hospitali. Alitaka kujua kama timu zenye ushirikiano mzuri hukosea dawa za wagonjwa mara chache zaidi. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri zilionekana kuwa na makosa mengi kuliko zile mbovu. Alipochimba akaona sababu. Kwenye timu nzuri watu walikuwa wanayasema makosa yao. Kwenye mbovu walikuwa wanayaficha, na kwenye karatasi wodi inaonekana safi.

Fikirieni ghala zetu. Ukiona msimu mzima umepita na karani wako hajakuletea kosa hata moja, usishangilie. Hakuna binadamu anayepima mamia ya magunia kwa siku, kwenye jua la Novemba, vumbi puani, bila kukosea. Makosa yapo. Yako mahali ambapo wewe huyaoni, na utayaona ghala kuu mzigo utakapopungua, au mbele ya mkaguzi.

Tulikuwa na karani, binti mmoja, aliyeandika kiroba cha mkulima mmoja kwa jina la mwingine. Majina yalifanana, kama yanavyofanana majina yetu. Aligundua siku ileile. Alinyamaza kwa wiki mbili, kwa sababu mwezi uliotangulia nilimfokea mwenzake mbele ya wakulima kwa kosa dogo kuliko hilo. Lilipoibuka, malipo yalikuwa yamekwisha kuingia kwa mtu asiyehusika, na kuyarudisha kulichukua wazee wa ukoo, kikao na machozi. Nilimwomba radhi binti yule, na nikaenda kumwomba radhi yule wa kwanza. Kisha tukawekeana utaratibu: kosa linalosemwa siku hiyohiyo halina adhabu, tunalirekebisha pamoja na kuandika lilitokeaje. Kosa linalofichwa ndilo linaloleta barua. Wizi ni jambo jingine na haukuingia humo, na kila mtu alijua mpaka uko wapi.

Msimu wa kwanza wa utaratibu huo, daftari la makosa lilijaa. Mjumbe mmoja wa bodi akashtuka, akadhani nimeajiri watu wabovu. Nikamwambia ni walewale wa mwaka jana.

Msimu wa 2018/19 wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo sitaueleza kama mgeni. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walikuwa wamekwisha kuhesabu bati, ada na mahari kwa bei ile. Minada ya Oktoba 2018 ikaja na bei ambazo wakulima walizikataa. Novemba, Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakateremka kusini kuibeba. Kisha ukafuata uhakiki wa wakulima. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri mpaka mwaka uliofuata. Wakati wote huo, mkulima hakuwa na mlango wa kugonga isipokuwa wa chama cha msingi. Mlango wetu. Tulikuwa watu watano ofisini, na asubuhi nilikuta watu sitini nje.

Wiki ya kwanza nilikosea vibaya. Nilisikia kwa mtu kwamba malipo ya kundi letu yangetoka Ijumaa. Nikawaambia wakulima Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nilitumia mwezi mzima kuirudisha imani niliyoipoteza kwa neno moja, na waliotukanwa zaidi walikuwa makarani wangu. Mke wa karani mmoja alisemwa kisimani. Mtoto wa mwingine aliulizwa shuleni baba yake amekula shilingi ngapi.

Baada ya hapo tukabadilika. Kila siku saa kumi jioni nilisimama chini ya mwembe wa ofisi, mvua au jua. Nilisema mambo matatu: tunachokijua leo, tusichokijua leo, na kwamba kesho saa kumi nitakuwa hapa tena. Siku ambazo sikuwa na habari yoyote nilisimama vilevile na kusema sina habari. Mwanzo walinizomea. Baada ya wiki mbili hivi, waliokuwa wanakuja asubuhi kugonga meza walianza kuja saa kumi tu, na makarani wakapata asubuhi za kufanya kazi. Nikapiga marufuku mtu yeyote wa ofisi, mimi nikiwa wa kwanza, kutaja tarehe ambayo hatuna kwa maandishi.

Ofisini tukakubaliana karani asikae mezani peke yake. Wawili wawili, na baada ya saa mbili wanabadilishwa. Mtu mmoja akitukanwa peke yake kutwa nzima, jioni anaanza kuamini anachoambiwa. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kumwangalia mwenzake na kukumbuka kwamba si yeye aliyekosea.

Na jioni, baada ya kufunga, tulikaa watano nusu saa bila daftari. Kila mmoja anasema siku ilikuwaje. Jioni ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Ya tatu, karani wetu mkubwa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alilia. Hakuna aliyemwambia avumilie. Tulikaa naye. Kesho yake alikuja kazini kwa wakati wake wa kila siku.

Siwezi kuwaambia kwamba tulivuka wote. Karani mmoja aliacha kazi Januari. Simlaumu hata kidogo. Dalili zake niliziona Desemba, amekuwa mkimya, amekuwa anakosea vitu anavyovijua, na mimi nikaahirisha kumpa mapumziko kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Ningempa siku nne Desemba, huenda ningekuwa naye mpaka leo. Hilo nalibeba.

Kuhusu mapumziko nisirefushe, ila mlitazame kwenye bajeti zenu. Tunatenga pesa za turubai, za magunia, za mafuta ya pikipiki. Kibarua wa kumpumzisha karani siku mbili kila mwezi wa msimu hatumtengei, tukidhani ni anasa. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake kukata barabara ya Kilwa, magari ya huku kwenda Dar es Salaam yalilazimika kuzunguka kupitia Songea. Safari ndefu mno, lakini ilikuwepo. Njia ya pili huonekana hasara mpaka siku njia ya kwanza inapokatika, na kibarua huyo ndiye njia yetu ya pili.

Nimalizie na mkorosho, maana nikiondoka Masasi bila kuutaja mtaniuliza.

Msimu wa 1973/74 nchi hii ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho. Kufika 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 17,000. Vijana hapa hamkuwepo, lakini wazee wanakumbuka mashamba yaliyogeuka pori. Watu walihamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali. Bei haikumlipa mkulima palizi. Kisha ukaja ubwiriunga, ule unga mweupe unaoshika maua asubuhi za baridi na umande, mwezi wa Juni na Julai, yakakauka kabla ya kushika tunda. Je, wazee wetu hawakuvumilia? Walivumilia sana. Miaka mingi walivumilia, na tani ziliendelea kushuka.

Kilichoinua zao ni kwamba watu wa utafiti pale Naliendele walikaa na wakulima wakajifunza jinsi ya kupulizia salfa na wakati wa kuipulizia, alfajiri, maua yanapochanua. Wakachagua miche iliyo bora. Wakafundisha kuukata mkorosho mzee uliochoka na kuubebesha kikonyo cha mti mzuri, ili mizizi ya zamani ilishe matawi mapya. Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja mwenye siri. Ilifanikiwa pale ilipokuwa mikononi mwa maelfu, kila kijiji kina mtu anayejua kuendesha kipulizio na mwingine anayejua kubebesha. Msimu wa 2017/18 tani zikapita 300,000.

Mimi katika maisha yangu nimemwona mzee mmoja akisimama mbele ya mkorosho aliopandiwa na baba yake, panga mkononi, hawezi kuukata. Ulikuwa hauzai tena, na alijua. Alisimama nusu saa. Nilimwelewa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyojisikia siku niliyomkabidhi karani wangu ufunguo wa pili. Niliona kama napunguzwa. Aliukata, na nikamkabidhi.

Muda wangu unakaribia na naona chakula kinapangwa. Sitaki tule kwanza.

Mezani hapo mbele kuna karatasi. Kila chama kina karatasi moja. Nimeandika kazi saba: kufungua ghala, kupima, kuandika mapokezi, kutoa stakabadhi, kuita lori, kuzungumza na benki, kuzungumza na wakulima jambo likiharibika. Mbele ya kila kazi andikeni jina la anayeifanya sasa, na jina la wa pili ambaye ameshawahi kuifanya kwa mikono yake, si aliyeelezwa tu. Nafasi ya jina la pili ikibaki wazi, iacheni wazi, msiijaze kwa kunifurahisha. Tutaangalia pamoja nafasi zilizo wazi, na kila moja tutaipangia Jumatano yake kabla mnada wa kwanza haujaitishwa.

Wale mlionyoosha mikono mwanzoni, njooni mbele na funguo zenu. Mama wa kule nyuma, mpe mtoto jirani yako akushikie. Tunaanza na chama chako. Ukilazwa kesho, nani anafungua?